Pesa ya Leseni Iliporudi

Mwende wangu,

Nimeketi dukani, alasiri, na mteja wa mwisho ameondoka na dawa ya minyoo ya mbuzi kumi. Wewe uko nyumbani unafunga sanduku na umesema hutaki msaada wa mtu. Kesho asubuhi unakwenda Habaswein kuanza kazi yako, na kwa ninavyojijua, kesho nitalia tu, sitasema la maana. Kwa hivyo nakuandikia sasa, wakati mkono wangu bado unanisikiliza.

Sitakuagiza habari za maji, joto wala chandarua. Umezaliwa Garissa, unasema Kisomali mpaka wateja wanasahau kwamba kwetu ni Mwingi, na mbuzi mgonjwa unamjua kwa kumtazama masikio tu. Hakuna la kukufunza hapo. Ninachoweza kukupa ni makosa yangu, na hasa kosa moja, lile la elfu kumi na mbili.

Wiki iliyopita ulifungua kopo tupu la dawa ukitafuta pini, ukakuta ndani karatasi ya ofisi ya leseni. Inasema kwamba pesa niliyolipa mara mbili nilirudishiwa mwezi wa Novemba. Uliisoma, ukaikunja vilevile ilivyokuwa, ukasema, "Kumbe ilirudi, Mama." Tangu siku hiyo unaongea nami kama unavyoongea na wateja: kwa adabu, na kwa ufupi.

Acha nianze mwanzo, kwa sababu kuna sehemu ambayo hujawahi kuisikia.

Unakumbuka Januari ya mwaka juzi nililipa leseni ya duka kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha haukuja kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Niliogopa kufungiwa duka. Nikakimbia ofisini nikalipa tena pale dirishani, elfu kumi na mbili nyingine. Jioni ujumbe ukaingia. Ile risiti ya dirishani niliitundika kwenye msumari, pale kwenye ukuta wa mabati, mahali pa risiti zote tangu enzi za baba yako. Kufikia Machi joto lilikuwa limefuta kila herufi. Ulinionyesha ile karatasi nyeupe ukaniuliza, "Mama, hii ni risiti ya nini? Ya hewa?" Tukacheka. Lakini bila risiti hiyo ilinibidi niende ofisini mara kwa mara kutafuta kumbukumbu za malipo, na kila mara niliambiwa niketi kwenye benchi nisubiri.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipokutana na Mwalimu. Wewe unadhani tulijuana kanisani. Hapana. Kanisani tulijifanya tunajuana upya.

Alikuwa amekuja kudai pesa ya kiwanja chake. Alilipa ada za mwaka, kumbe aliyemuuzia alikuwa ameshalipa. Alikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Nikamuuliza, "Mbona vikombe viwili na uko peke yako?" Akasema, "Benchi ni refu, Mama. Sijui nani ataketi." Mwende, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nimezika mume, nimebeba magunia ya chumvi ya ng'ombe kwa mgongo huu, na moyo wangu ulifanya jambo ambalo nilidhani umeshasahau kulifanya. Alinimiminia chai bila kumwaga hata tone. Ana vidole virefu vyenye chaki kwenye kucha. Hata leo, nikimwona akipiga pasi shati lake na langu la kazini pamoja, moja juu ya jingine, najiuliza ni nani alinichagua nipewe mtu huyu.

Tuliendelea kukutana kwenye benchi lile. Acha nikwambie ukweli wote: nilianza kuomba zile kumbukumbu zisipatikane haraka. Siku karani aliponiambia, "Mama, rudi Alhamisi," nilimshukuru mpaka akanitazama mara mbili.

Novemba ya mwaka jana pesa yangu ikarudi. Ya Mwalimu ikarudi wiki hiyohiyo. Januari mwaka huu tukaoana, na wewe ulisimama nyuma yangu na gauni lako la samawati, hukutabasamu sana, lakini ulisimama.

Sasa sikia aibu yangu. Ile elfu kumi na mbili nilinunulia kitanda. Niliwaambia watu wote kwamba kitanda ni cha Mwalimu, yeye ndiye aliyekileta. Ni mimi. Nilikwenda kwa fundi mwenyewe, nikachagua mbao, nikasimamia mpaka kikapigwa vanishi. Sikutaka kuanza ndoa kwenye kitanda nilichokuwa nalala na baba yako, na sikutaka Mwalimu ajue kwamba nimefikiria jambo hilo kwa undani hivyo.

Ndiyo maana mwezi wa nne, ulipoketi kwenye gunia la chumvi na kompyuta magotini ukijaza ritani ya ushuru ya mwaka jana, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, ile pesa ya leseni ilirudi?", nilijibu, "Bado." Ningekwambiaje kwamba iko chumbani, ina miguu minne? Niliona haya. Bibi harusi wa umri wangu mbele ya binti yake mkubwa. Nikajiambia pia kwamba si kitu, ni pesa yangu mwenyewe imerudi, haimhusu mtu. Wewe ukaandika nilichokwambia, ukatuma.

Siku mbili baada ya kuikuta karatasi, ulipokuwa ukiosha vyombo, ndipo uliponieleza. Ulisema, "Ritani ya mwaka juzi nilizitoa leseni zote mbili kama gharama, kwa sababu pesa ya zote mbili ilitoka. Ushuru wetu ukapungua. Moja ikarudi mwaka jana, na mimi nimeandika haikurudi. Umenifanya nidanganye kwa mkono wangu."

Nikakujibu kama mjinga, "Kwani pesa yangu ikirudi imekuwa mapato?"

Ukasema, "Uliza," ukafuta mikono, ukatoka.

Basi nikauliza. Mwanzoni niliuliza ili nikushinde. Baadaye swali lenyewe likanishika, nikawa nauliza kwa sababu nilitaka kujua kweli. Mimi niliishia kidato cha nne, unajua, na hesabu ndiyo somo nililolipenda na kuliogopa sawasawa. Nilishangaa kwamba kitu kidogo namna hii kinaweza kumzuia mtu asilale usingizi wa mchana.

Nilianza na Mwalimu, nikitarajia mume wangu aniunge mkono, na akaniunga. Alichukua kalamu yangu mfukoni mwangu.

"Nimeazima kalamu yako," akasema. Akairudisha. "Haya. Umepata kalamu?"

"Sijapata. Ni yangu."

"Basi umeshajibu swali lako, bibi harusi."

Nilimpenda sana dakika ile. Lakini jibu lilikuwa tamu mno, na nimeuza dawa za mifugo miaka mingi vya kutosha kujua kwamba dawa tamu aghalabu ina sukari nyingi. Nikampelekea Habiba swali hilo, jirani yetu mwenye duka la vitambaa. Wewe unamwita habaryar, mama mdogo, na yeye amekulea nusu. Alikuwa anakunja madira, yale magauni mapana ya kike.

"Abaayo, dada," akaniambia, "wewe umeolewa juzi, watu wa harusi wanauliza habari ya manukato. Wewe unauliza habari ya ushuru."

"Nijibu tu, dada yangu."

"Hii swali yako ni rahisi. Baba yangu alikuwa na ngamia jike, alipotea huko upande wa Bura. Akatafuta, hakuona. Akalia kwa watu wake. Wakamchangia, wakampa ngamia ingine, mdogo kidogo lakini mzuri. Baada ya miezi mingi, yule alipotea akarudi mwenyewe, anatembea pole pole kama mtu ametoka sokoni. Sasa baba yangu ana ngamia ngapi?"

"Wawili."

"Wawili ni wake?"

Nikachukua kitambaa cha kijani kilichokuwa karibu.

"Alichukua ile walimpa," Habiba akasema, "akazunguka nayo nyumba kwa nyumba. Akawaambia, mlinipa hii kwa sababu nililia. Kile kitu nililia kimerudi. Chukueni yenu. Kama hangelia, kama hangechukua chochote, wallahi angekaa na ngamia yake na hakuna mtu angemuuliza."

Mwende, nilisimama pale na kitambaa cha kijani mkononi nikaona kitu kikifunguka. Pesa ya leseni ya pili ilipotoka, wewe uliandika kwenye ritani kwamba imetupotea. Ni kama tulilia. Serikali ikatupunguzia ushuru kwa ajili ya kilio hicho. Halafu iliyopotea ikarudi, na mimi nikakaa na vyote viwili.

"Lakini," Habiba akaongeza, "yule aliyerudi alikuwa na mimba. Akazaa."

"Na ndama je? Naye akarudishwa?"

"Ndama arudishwe kwa nani? Ndama ni faida. Hiyo ndiyo mapato." Kisha akaanza kucheka peke yake mpaka akakalia madira. "Abaayo, wewe ulikwenda kutafuta ngamia yako kwa ofisi, ukarudi na Mwalimu. Mwalimu ndiye ndama."

Usimwambie Mwalimu. Au mwambie, lakini nikiwepo nimwone uso.

Hadithi ya ngamia bado si sheria, kwa hivyo Ijumaa nilifunga duka mapema nikaenda kwa watu wa ushuru. Nilikuta binti wa rika lako, mwenye hijabu ya kahawia na sauti ya upole. Nilimweleza yote, hata benchi, hata chai. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Mama, mwaka ule ulipolipa, uliitoa kama gharama?"

"Niliitoa."

"Basi ikirudi inaingia kwenye mapato, mwaka ule ilipoingia mkononi. Kama hukuitoa, ni pesa yako imerudi, haituhusu."

Nikamuuliza kuhusu Mwalimu, kwa sababu sikutaka nyumba moja iwe na majibu mawili. Akaniambia nyumba yetu itakuwa na majibu mawili. Mwalimu ni mtu wa mshahara. Kiwanja chake ni cha kujenga nyumba ya kukaa, alilipa kutoka mfukoni, hakupunguziwa ushuru na mtu. Pesa yake ikirudi ni kalamu tu. Nikauliza tena, maana sasa nilikuwa nimenogewa: je, mshahara wa mtu ukikatwa ushuru kupita kiasi, na kilichozidi kikarudishwa mwaka unaofuata, ni mapato? Akasema hapana, kwa sababu ushuru wa mapato wenyewe haukubaliwi kutolewa kama gharama, kwa hivyo hakuna nafuu uliyopata ya kurudisha. Akanifundisha pia kwamba wafanyabiashara wadogo wanaolipa ushuru wa mauzo, ule usioruhusu kutoa gharama yoyote, hawana swali langu hata kidogo. Nilitoka pale nikitembea kama niliyefaulu mtihani. Fikiria: watu wawili waliketi benchi moja, wakanywa chai ya chupa moja, wakarudishiwa pesa wiki moja, na jibu la mmoja si jibu la mwingine. Kinachotofautisha ni kile kila mmoja alichokipata wakati wa kulia.

Hapo ndipo furaha yangu ilipopungua kidogo, nikiwa njiani, karibu na soko la mifugo. Nilifikiria kilio changu kingine.

Baba yako alipofariki ulikuwa mwaka wa pili chuoni. Ulimaliza masomo, ukapata kazi Isiolo, ukanipigia simu unaimba. Mimi nikalia. Sikukwambia usiende, nilikuwa mjanja kuliko hivyo. Nilisema, "Nenda, mwanangu, mimi nitazoea." Kisha nikalia tena siku iliyofuata, na ile iliyofuata, na kila ulipopiga simu nilikuwa sijala. Ukarudi Garissa ukaketi kwenye gunia la chumvi. Miaka mitatu, Mwende. Uliagiza dawa, uliendesha duka, ulijaza ritani, ulinisindikiza kanisani mkono kwa mkono. Watu wakasema nina bahati. Nilikuwa nimelia, nikapewa.

Halafu furaha yangu ikarudi, ikitembea polepole kama mtu aliyetoka sokoni. Nikaipokea, nikaificha kwenye kopo, na wewe nikaendelea kukushikilia. Mwezi uliopita barua ya kazi ya Habaswein ilipofika, nilisema nini? Nilisema, "Na ritani atajaza nani?" Nilikuwa bibi harusi wa miezi minne, nimelala kwenye kitanda cha mbao nzuri, na bado nadai malipo ya mjane.

Sikuficha zile elfu kumi na mbili pekee ulipouliza swali lile. Ningesema zilirudi na zimenunua nini, ningekuwa nimekubali kwamba sijapotelewa tena. Na kama sijapotelewa, unaketi kwenye gunia langu kwa sababu gani? Nadhani na wewe ulilijua hilo ulipoikunja karatasi. Hukukasirishwa na ushuru tu.

Sikutumii maneno haya ili unisamehe kabla ya kupanda gari. Msamaha wako ni wako, utoe siku utakayotaka, au ukae. Wala sikuombi umwite Mwalimu baba. Ana jina, na jina hilo linamtosha. Ninachotaka ni uende Habaswein bila kugeuza shingo kuangalia kama nimekula. Nimekula. Ninakula sana siku hizi, gauni la harusi halinipiti tena mabegani.

Jana nilikwenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikarekebisha ritani ya mwaka jana. Nilijaza mwenyewe. Mwalimu alitaka kuja nikamkataza, nikamwambia hili ni langu na la Mwende. Kijana wa pale alinionyesha tu pa kubonyeza. Nilitoa jasho kuliko siku ya harusi. Mara ya kwanza niliandika elfu mia moja na ishirini, nikaona ushuru umeruka, nikadhani nitauza duka. Kumbe sifuri moja ilikuwa ya ziada. Tuko kabla ya mwisho wa Juni, kwa hivyo hakuna faini. Kilichoongezeka ni elfu tatu na mia kadhaa, na nimeshalipa. Nilisubiri ujumbe wa kuthibitisha mpaka ukaingia, sikuondoka pale. Risiti sikuitundika kwenye mabati. Nimeitolea nakala, na nakala hiyo nimeikunja pamoja na barua hii. Nitaiweka kwenye sanduku lako, kati ya mashuka, utakapotoka kumuaga Habiba.

Ikague. Nimeandika hesabu zangu kwa penseli pembeni, ili uone nilipita njia gani. Ukikuta nimekosea, nipigie simu. Ukikuta sijakosea, nipigie pia, si lazima siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja limebaki. Uliniuliza swali mwezi wa nne, umeketi pale ambapo sasa pana gunia tupu, nami sikukujibu. Ulistahili jibu siku ile, na ulistahili kulisikia kinywani mwangu, si kulitoa kwenye kopo. Nalijibu sasa, kwa maandishi yangu, kwenye barua na kwenye ritani.

Ndiyo, mwanangu. Ilirudi, yote, mwezi wa Novemba. Nilinunua kitanda, na nina furaha sana.

Mama yako